Tachipadi Ikizembea: Kagua Haya Kabla ya Kumwendea Fundi

Wiki ya mwisho ya Juni huwa ya pilkapilka kwa kila mwenye PIN ya KRA. Ritani za mtu binafsi hutakiwa kuwasilishwa kupitia iTax kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Si wakati mzuri wa kishale cha kompyuta kugoma. Unakisukuma kwa kidole kinabaki pale pale, kisha kinaruka ghafla hadi pembeni mwa skrini na kufungua kitu usichokihitaji.

Tachipadi ni ile sehemu bapa iliyo chini ya vibonye vya kipakatalishi, unayoipapasa kwa kidole ili kukisogeza kishale. Ikizembea, wakazi wengi hukimbilia kwa fundi wakidhani imekufa. Mara nyingi haijafa. Hata hivyo, kuna hali moja ya hatari ambayo lazima iondolewe shaka kwanza.

Betri iliyofura

Katika vipakatalishi vingi vya kisasa, betri hukaa moja kwa moja chini ya tachipadi. Betri hizi za lithiamu zikizeeka, au zikipata joto jingi kwa muda mrefu, kemikali zilizo ndani huanza kuoza na kutoa gesi. Gesi hiyo haina pa kutokea, kwa hivyo betri hufura na kuisukuma tachipadi kutoka chini.

Dalili ni rahisi kuzitambua. Tachipadi inakuwa ngumu kubonyezwa, au upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Weka kipakatalishi juu ya meza iliyo sawa. Kikiyumba ilhali zamani kilitulia, au ukiona mwanya umejitokeza kwenye ukingo wa mfuniko wa chini, acha kukitumia. Kizime na uchomoe chaja. Usiibonyeze tachipadi ili irudi mahali pake, na usijaribu kuitoboa betri "itoe hewa", kwa maana betri ya aina hii ikitobolewa inaweza kushika moto papo hapo. Kiweke mbali na kitanda, mapazia na watoto hadi fundi anayeifahamu kazi hiyo aitoe.

Tunalisisitiza hili kwa sababu watu hukichaji kipakatalishi usiku kucha juu ya godoro, mahali ambapo joto halina pa kwenda.

Uchafu, maji na vidole

Kama betri haina neno, angalia uso wa tachipadi. Chini yake kuna nyaya nyembamba zilizopangwa kama wavu, nazo hutambua mabadiliko madogo ya umeme kidole kinapokaribia. Ndiyo maana kalamu au ukucha hauwezi kukisogeza kishale. Mafuta ya mahamri, losheni, jasho au tone la chai huuvuruga wavu huo, kwani unyevu nao unapitisha umeme na kifaa kinashindwa kujua kidole kiko wapi.

Zima kipakatalishi, chukua kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo tu, upanguse, kisha ukaushe. Usimwagie wala kunyunyizia kitu chochote moja kwa moja. Osha mikono na uikaushe pia. Wenye vidole vikavu sana au vyenye sugu, hasa wakulima na waashi, huenda wakaona tachipadi haiwasikii vizuri hata ikiwa safi. Jaribu kidole kingine kabla ya kuilaumu mashine.

Chomoa chaja uone

Hiki ndicho kipimo ambacho watu wengi hawakijui, na hakigharimu chochote. Kishale kikirukaruka wakati kipakatalishi kimechomekwa kwenye stima, chomoa chaja uendelee kwa betri. Kikitulia, tachipadi yako ni nzima. Kasoro iko kwenye chaja, au kwenye soketi isiyo na waya wa ardhini unaofanya kazi. Umeme kidogo uliokosa njia ya kutoka huzagaa kwenye mwili wa kipakatalishi na kuichanganya tachipadi. Wengine huuhisi kama mwasho mwembamba wanapogusa sehemu ya chuma.

Chaja za bei nafuu na viunganishi vya pini mbili ndivyo vyanzo vya kawaida. Jaribu chaja nyingine ya aina inayofaa, au soketi ya nyumba nyingine. Tatizo likifuata soketi, mwite fundi wa stima. Hilo si suala la kompyuta tena, ni usalama wa nyumba nzima.

Je, ni tachipadi au ni kompyuta yote?

Azima kipanya cha waya ukichomeke. Kishale kikiendelea kukokota hata kwa kipanya, basi kompyuta yenyewe imelemewa. Kwa wanaotumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litaonyesha ni programu gani inayokula nguvu. Ukiona kumbukumbu au diski iko karibu na asilimia 100, funga usichohitaji, hasa vile vichupo ishirini vya kivinjari vilivyoachwa wazi tangu Jumatatu.

Kisha iwashe upya kwa kuchagua Restart, si Shut down. Tofauti ipo: kwenye kompyuta nyingi za Windows, Shut down huhifadhi sehemu ya hali ya zamani ili kuwaka haraka baadaye, na kasoro hurudi nayo. Restart huanza kila kitu upya.

Ikiwa kipanya kinakwenda vizuri na tachipadi peke yake ndiyo nzito, fungua Settings, halafu Bluetooth & devices, halafu Touchpad. Katika Windows 10, sehemu ya kati huitwa Devices. Hapo ongeza kasi ya kishale. Angalia pia kiwango cha wepesi wa kuhisi. Kikiwa chini, Windows huipuuza tachipadi kwa muda mfupi kila unapomaliza kuandika ili kiganja kisikisogeze kishale kwa bahati mbaya, na mtumiaji hudhani imekwama. Ikiwa haijibu kabisa, tafuta kwenye safu ya juu ya vibonye kile chenye picha ya tachipadi. Huenda mtoto amekibonyeza na kuizima. Baada ya hapo, ruhusu Windows Update ipakue masasisho.

Muda ukikubana, kibodi inatosha kumaliza fomu nyingi. Tab hukupeleka kwenye nafasi inayofuata, Shift na Tab hukurudisha nyuma, kibonye cha nafasi hutia alama kwenye kisanduku, na Enter hutuma.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Nakili faili zako kwanza na utoke kwenye akaunti za iTax, eCitizen na barua pepe. Fundi wa tachipadi hahitaji nenosiri la akaunti hizo. Mwombe akuonyeshe kifaa alichotoa, na kama ni betri, ihesabu kuwa ni mzigo wako pia. Isitupwe kwenye pipa la taka wala shimo la kuchomea, hata ikiwa haijafura. Mwulize fundi iwapo anaipeleka kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA. Kama hana mpango huo, ifunike ncha zake kwa selotepu, uiweke kwenye mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu nje ya nyumba, mbali na jua, hadi utakapopata pa kuiwasilisha.