Je, Wajua? Askari wa Kwenye Picha ya Babu

Picha imekwaruzika, nyuma haina jina, na waliomjua wameshatangulia mbele ya haki. Shahidi aliyebaki ni sare. Mhoji kuanzia kichwani hadi miguuni, lakini usimwamini kwa neno moja.

Je, wajua kuwa tarabushi inayoonekana nyeusi tii huenda ilikuwa nyekundu? Filamu na vioo vingi vya picha vya mwanzoni mwa karne ya 20 havikuihisi rangi nyekundu, kwa hiyo ilitoka nyeusi, huku bluu ikitoka imepauka. Na bado mambo hayajaisha: vikosi vya Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, vilivaa tarabushi nyeusi kwelikweli. Rangi iache, tafuta beji.

Je, wajua kuwa majeshi matatu kati ya yaliyopigania ardhi ya Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza yote yalivaa tarabushi? Ya askari wa Mjerumani ilifunikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo, na mbele ilikuwa na tai wa chuma. Keya nao walikuwa na kifuniko cha namna hiyo, ila beji zao zilibeba namba ya kikosi, nyingine kwa tarakimu za Kirumi na nyingine za Kiarabu. Askari wa Kongo ya Mbelgiji, Force Publique, walijulikana kwa sare ya bluu na mshipi mwekundu wa kitambaa kiunoni, kabla ya kaki kuchukua nafasi yake wakati wa vita hivyo. Hao ndio walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Picha ya enzi hizo iliyopigwa Tabora au Kigoma inaweza kuwa ya Mkongo.

Je, wajua kuwa mtu mmoja anaweza kuonekana katika sare za pande mbili zilizopigana? Kuanzia 1917, askari waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa au wakatoroka waliandikishwa Keya. Ukikuta picha mbili za babu zinazopingana, usikimbilie kusema mmoja si yeye.

Je, wajua kuwa namba ya kikosi inaweza kukuonyesha nchi? Baada ya Vita ya Kwanza, kikosi cha 1 na cha 2 vya Keya vilikuwa vya Nyasaland, cha 3 cha Kenya, cha 4 cha Uganda, na cha 6 cha Tanganyika.

Je, wajua kuwa miguu nayo inataja enzi? Kabla ya 1914, Keya walikwenda vitani na sweta la bluu na kaptura ya kaki, muundi umezungushiwa vitambaa, nyayo peku au ndani ya ndara. Buti nzito na kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja hukupeleka zaidi kwenye Vita ya Pili.

Je, wajua kuwa kichwa cha kifaru kilichoshonwa karibu na bega ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki? Divisheni hiyo ilipigana Burma, ikapita bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwaka 1944. Miongoni mwa Wakenya waliopigana Burma na Keya alikuwa Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana katika Mau Mau kama Jenerali China.

Je, wajua kuwa si kila mwanajeshi alikuwa wa bunduki? Soma herufi za begani. KAR ni askari wa miguu. EAASC ni kikosi cha uchukuzi na ugavi, kilichojaa madereva. EAAMC ni matabibu.

Je, wajua kuwa tepe za V hazina maana moja? Katika jeshi la Mwingereza, V iliyoelekea chini juu ya kiwiko ni cheo: moja lansi koplo, mbili koplo, tatu sajini. Zilizogeuzwa chini ya kiwiko cha kushoto ni za mwenendo mwema. Vijitepe vyekundu chini ya kiwiko cha kulia, vilivyoanza 1944, vilihesabu miaka ya utumishi vitani. Ukizijumlisha zote utampa babu cheo ambacho jeshi halikumpa.

Je, wajua kuwa picha inaweza kuwa imegeuzwa? Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya kulia. Ukiona kinyume, huenda kioo cha picha kiliwekwa upande usio wake, na mkono unaouita wa kushoto ndio wa kulia.

Je, wajua kuwa medali inaweza kusema jina ambalo picha imelificha? Medali za Mwingereza za Vita ya Kwanza kwa kawaida zilichongwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mhusika. Nyota za Vita ya Pili, kama ile ya Burma, zilitolewa bila jina.

Je, wajua kuwa yule "ofisa" mwenye nishani kifua kizima huenda alikuwa mcheza ngoma? Vyama vya beni, vikiwemo Marini na Arinoti, vilivaa sare za kijeshi na kupeana vyeo vikubwa. Nishani nyingi zisizofanana na jeshi lolote, pamoja na tarumbeta pembeni, ni dalili ya beni.

Je, wajua kuwa sare ya Keya ina mwisho wake? Tanganyika ilipopata uhuru mwezi Desemba 1961, vikosi vyake viliitwa Tanganyika Rifles. Uganda ikafuata 1962 na Kenya 1963. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964.

Je, wajua kuwa kukosa jina kwenye kumbukumbu za wafu wa vita si ushahidi kwamba babu hakwenda? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita ya Kwanza, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Ukishamtambua babu yako, andika nyuma ya picha jina, kikosi na mwaka, kwa penseli laini. Wino hupenya mpaka usoni.