Je, Wajua? Aliyechora Ushindi wa Wahispania Hakuvuka Bahari

Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, iko bara kabisa. Bahari iko mbali, na Peru iko mbali zaidi. Hata hivyo huenda msomaji wa huku amekwisha kuziona zile picha za jinsi Wahispania walivyoiteka Amerika: askari wenye kofia za chuma, wenyeji wa Amerika walio uchi, moto, mbwa wanaorarua watu. Siku hizi huuzwa zikiwa ndani ya fremu, na zikitundikwa ukutani huonekana kama ushahidi wa mtu aliyesimama palepale. Kabla ya kuziamini, inafaa tuulize aliyechora alikuwa wapi.

Je, wajua kwamba Theodor de Bry, ambaye picha zake za ushindi huo zimeenea sana duniani, hakuwahi kufika Amerika? Alizaliwa Liège mwaka 1528, akafariki Frankfurt mwaka 1598. Alikuwa sonara na mchongaji wa mabamba ya shaba, tena Mprotestanti. Mwaka huohuo wa kifo chake karakana ya familia yake ilitoa kwa Kilatini kitabu cha padri Bartolomé de las Casas kuhusu ukatili wa Wahispania, kilichochapishwa kwanza Sevilla mwaka 1552, safari hii kikiwa na picha 17 za mateso. Las Casas aliishi Amerika na mengi aliyaona kwa macho yake. Picha zilibuniwa Ulaya, wakati Waholanzi wakiwa vitani na Hispania tangu 1568, na kila bamba lilikuwa silaha katika vita hivyo. Ukatili ulikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini nyuso na miili ya wale waliouawa ni ya kubuni; wamechorwa kwa mtindo wa sanamu za Kigiriki na Kirumi.

Tena bamba la shaba likichapwa, mchoro hugeuka kama sura kwenye kioo. Mchongaji akisahau kuupindua kwanza, askari huchomoa upanga kwa mkono wa kushoto.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Julai 1505 kundi la meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida liliiteka Kilwa. Likamweka mtawala lililomtaka, likajenga ngome, na mwezi uliofuata likaipora na kuichoma Mombasa. Katika msafara huo alikuwamo Balthasar Springer, wakala wa kampuni ya biashara ya Welser ya mji wa Augsburg, Ujerumani. Aliporejea kwao alisimulia safari yake, na mwaka 1508 msanii Hans Burgkmair, ambaye hakuwa katika safari hiyo, akachonga kwenye mbao mfululizo wa picha za watu wa njiani: wanaume, wanawake, watoto, mapambo yao na mifugo yao. Wataalamu wa sanaa wanazisifu kwa kuwapa Waafrika miili na sura za watu halisi, na mimi naungana nao. Lakini tazama majina yaliyochongwa humo: Guinea, Algoa, Arabia, India. Kilwa na Mombasa, miji iliyovunjwa na msafara uleule, hazikutajwa. Hilo linaniuma kuliko kosa lolote la mchoro.

Na kampuni ya Welser? Mwaka 1528 mfalme Karolo wa Hispania aliikabidhi Venezuela iitawale na kuivuna. Fedha zilizotafuta faida kupitia Kilwa na zile zilizowakandamiza wenyeji wa Venezuela zilitoka katika nyumba moja ya biashara.

Kilwa ilipata picha yake mwaka 1572, katika atlasi ya miji ya Georg Braun na Frans Hogenberg iliyotolewa Cologne. Iko kwenye karatasi moja na Aden, Mombasa na Sofala. Braun na Hogenberg nao hawakufika Kilwa. Karatasi hizo zilikuwa kurasa za kitabu, na wauzaji wa picha za kale wamezoea kuvichana vitabu vya aina hiyo. Nyuma ya ukurasa kuna maelezo kwa Kilatini, ambayo fremu huyaficha.

Je, wajua pia kwamba Fort Jesus, ngome ya Wareno huko Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme wa Hispania? Kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya taji moja, na Filipo wa Pili alitawala kutoka Mexico hadi pwani yetu.

Walioshindwa nao walichora. Huko Peru, mnamo 1615, mwenyeji Felipe Guaman Poma de Ayala alikamilisha barua ndefu kwa mfalme wa Hispania yenye michoro 398, akionyesha jinsi watu wake walivyotendewa. Ilikuja kutambuliwa mwaka 1908 katika maktaba ya kifalme ya Copenhagen. Katika pwani yetu, watu walikwaruza picha za vyombo vya baharini kwenye lipu za kuta zao, na nyingine zingali zinaonekana katika magofu ya Kilwa na Gedi. Hizo hazijauzwa kwenye fremu.

Mkalama nayo ina historia ya kutekwa. Wajerumani walijenga boma pale. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen, daktari na mtafiti wa Kijerumani, alikaa miongoni mwa Wanyisanzu na Wahadzabe, akaandika ngano zao na kuwapiga picha. Angalau yeye alifika. Hata hivyo, huenda wajukuu wengi wa waliopigwa hawajaziona picha hizo.

Kwa hiyo mwalimu wa historia wa Kinyangiri, ukibandika picha ya ushindi darasani, andika chini yake mambo matatu: jina la aliyeichora, mwaka, na kama alikuwapo. Kisha waombe wanafunzi wakawaulize wazee habari za boma la Mkalama, nao wazichore wenyewe.