Baruti Nyingi, Kasi Kidogo

Anayechagua bunduki ya kuwindia huuliza kwanza risasi yake inakwenda kasi gani. Ni nadra kumsikia akiuliza kasi hiyo imekula baruti kiasi gani, na hapo ndipo ufanisi wa risasi unapopimwa.

Gramu moja ya baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nishati ya takriban jouli 3,800. Ikiwaka ndani ya ganda hugeuka gesi yenye joto kali, na gesi hiyo ndiyo inayosukuma kichwa cha risasi kwenye mtutu. Kati ya nishati hiyo, kichwa cha risasi huondoka na theluthi moja tu, au pungufu. Theluthi nyingine hivi hutokea mdomoni mwa mtutu pamoja na gesi, ikawa moto na kishindo. Inayosalia, karibu yote huishia kuupasha mtutu joto. Msuguano, ambao wengi hudhani ndio mlaji mkuu, huchukua asilimia 2 au 3.

Chukua risasi mbili za Marekani zenye kipenyo kimoja: .308 Winchester ya mwaka 1952 na .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963. Zote zipewe kichwa cha gramu 9.7. Ya kwanza, kwa baruti ya gramu 3 hivi, hukifikisha kwenye mita 860 kwa sekunde. Ya pili hutumia karibu gramu 4.9 na kufika mita 1,000. Baruti imezidi kwa zaidi ya asilimia 60, kasi kwa asilimia 16 tu. Ukigawa nishati ya kichwa kwa uzito wa baruti, .308 inatoa jouli 1,200 kwa kila gramu, Magnum 1,000.

Sababu iko kwenye mtutu. Kipenyo hakijabadilika wala urefu haujaongezeka sana, kwa hiyo gesi ya ganda kubwa haipati nafasi ya kutanuka vya kutosha kabla kichwa hakijatoka. Hutoka nje ikiwa bado na nguvu nyingi. Isitoshe, gesi yenyewe ina uzito na lazima nayo iendeshwe mbio, na mzigo huo unakua kwa kila gramu inayoongezwa. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: ongeza ujazo wa ganda kwa asilimia 20, kasi itapanda kwa asilimia 5 hivi. Teke la begani na uchakavu wa mtutu havina huruma kama hiyo.

Lakini ufanisi si kila kitu, na ushahidi wake uko Afrika. Mwaka 1911 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa .416 Rigby kwa ajili ya nyati, tembo na simba. Ganda lake ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na kazi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Remington ilitoa .416 yake, yenye ganda dogo zaidi, inayorusha kichwa kilekile cha gramu 26 kwa kasi karibu ileile ya mita 730, kwa baruti pungufu ya gramu nzima hivi. Kwa hesabu za ufanisi, Rigby imeshindwa waziwazi.

Ila Remington inapata ufanisi huo kwa mgandamizo mkubwa: zaidi ya megapaskali 400, wakati Rigby inatosheka na 325 hivi. Baruti iliyopigwa na jua huongeza mgandamizo, na enzi za kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza, tatizo hilo lilikuwa kubwa: risasi iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza, ikifika nchi za joto, ganda lake liliweza kung'ang'ania ndani ya chemba. Baruti za leo ni tulivu zaidi, lakini hazijaacha kabisa tabia hiyo. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, ganda likikwama hakuna risasi ya pili.

Kwa hiyo, kwa swala na kongoni, .308 inatosha, na anayebeba Magnum ajue analipia nini. Lakini kwa mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni kumfuata nyati kichakani kwenye jua la Oktoba, ningemshauri achukue ile Rigby isiyo na ufanisi.