Kutokataza si Kuruhusu: Masharti ya Matumizi ya Habari Yasomwayo na Kompyuta

Mwandishi apelekapo gazetini habari ya bei ya mahindi kutoka Mutuka, mjini Babati, nayo ikatangazwa katika intaneti, wasomaji wake wa kwanza huenda wasiwe watu, bali programu zinazonakili maandishi. Chini ya ukurasa huandikwa: "Haki zote zimehifadhiwa." Binadamu huielewa sentensi hiyo, programu huhitaji amri iliyoandikwa kwa kanuni zisizo na utata. Hapo ndipo lizukapo swali: je, asiyekataza ameruhusu?

Katika Kiswahili, "hakukatazwa" na "ameruhusiwa" si kauli moja. Ya kwanza yakanusha tendo la kukataza. Ya pili yathibitisha tendo la kuruhusu. Baina yake kuna kimya, ambacho hufasiriwa na desturi au sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, hukifasiri kwa kawaida kuwa katazo: anakiliye kazi ya mwenziwe hana budi kupata idhini, isipokuwa pale sheria yenyewe impapo nafasi. Bei yenyewe ni habari tupu, nayo hailindwi na Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994. Yalindwayo ni maneno ya mwandishi na picha yake.

Kompyuta zilizoeshwa kinyume chake. Faili la robots.txt, lililobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kuwekewa kanuni rasmi mwaka 2022, huzieleza programu kurasa zipi ziingiwe na zipi ziachwe. Lisipokuwapo, kimya chake ni ruhusa. Tena ni mfano wa kibao cha mlangoni: hakimzuii asiyetaka kukitii, na habari ikishatolewa nje, kibao husalia nyuma. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 nalo laruhusu maandishi kuchambuliwa na kompyuta, ila mwenyewe akijihifadhia haki kwa njia ifaayo, kama vile alama zisomwazo na kompyuta.

Shirika la IPTC, lililoundwa mwaka 1965 kulinda maslahi ya vyombo vya habari katika mawasiliano ya simu, limetunga lugha iitwayo RightsML. Msingi wake ni ODRL, iliyopitishwa na W3C mwaka 2018, yenye dhana tatu: ruhusa, katazo na wajibu. Kwa lugha hiyo gazeti laweza kusema kwamba picha ya Mutuka yaruhusiwa kuchapishwa Tanzania kwa siku 30, isiuzwe, na aichapishaye amtaje mpigapicha. Masharti hayo husafiri pamoja na habari, mithili ya hati iliyofungwa mzigoni.

Kazi ya wanaisimu hapa si kutafsiri tu. "Ruhusa", "idhini" na "kibali" hutumiwa kwa kubadilishana, ilhali yafaa zitenganishwe: idhini iwe tendo la mwenye mali kuridhia, ruhusa iwe kile akiruhusucho, na kibali kiwe hati ithibitishayo. "Haki" nayo hubeba maana ya uadilifu na ya stahili. Katika istilahi hii yakusudiwa ya pili peke yake. Maana hizo zisipopambanuliwa, gazeti la Kiswahili litaendelea kukataza kwa lugha ya watu, na kuhesabiwa kuwa limeridhia katika lugha ya kompyuta.