Kweli au Uongo: Bati la Mwanga Nalo ni Paa?

Boti ya kutoka Lamu ikishavuka Mkanda, ule mlango mwembamba wenye mikoko, hutia nanga Mtangawanda, kisiwani Pate, na mizigo ya Siyu na Faza hushukia hapo: saruji, misumari, mabati. Kisiwa hicho kilizoea makuti na dari za boriti na chokaa; siku hizi bati limeshika, na katikati ya mabati hutiwa moja la plastiki ili ndani kusiwe na giza. Hilo moja ndilo letu leo.

"Limepigiliwa, litanibeba." Uongo. Likiwa jipya hupinda ukilikanyaga. Jua likishalichoma miaka kadhaa hukauka, likageuka manjano, likashika vumbi na kinyesi cha kunguru hata usilitambue kati ya wenziwe. Bati la chuma hubonyea na kulia kwanza. Plastiki kuukuu hukatika kama biskuti, na fundi aliyepanda kuziba panapovuja yuko sakafuni. Kanuni za usalama kazini za Marekani hulihesabu dirisha la paa, kama bati hili la mwanga, kuwa tundu, basi. Sioni hesabu bora kuliko hiyo.

"Fuata mstari wa misumari." Nusu kweli. Chini ya misumari kuna pau, na kwenye chuma mafundi hufuata mstari huo kwa haki. Kwenye plastiki, mguu ukiteleza shibiri moja umekwenda. Na kusi huvuma bila kukubishia hodi.

"Mkwezi wa minazi haogopi paa." Kweli, haogopi, na hapo ndipo penye hatari. Mkwezi ameukumbatia mnazi kwa mikono na miguu. Juu ya paa atakumbatia nini?

"Mkanda wa usalama ndio dawa." Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tupige hesabu. Kamba, mita 1.8. Kifaa cha kupunguza mshtuko kikifumuka, kama mita 1 nyingine. Kutoka mgongoni inapofungwa kamba hadi nyayoni, mita 1.5. Ongeza nusu mita ya akiba: karibu mita 5 chini ya pale kamba ilipofungwa. Ghala la paa la mita 4, fundi atagonga sakafu kabla mkanda haujamdaka! Na kamba imefungwa wapi? Kanuni hizo za Marekani hutaka kishikizo cha kubeba zaidi ya tani 2 kwa kila mtu, na pau iliyogugunwa na mchwa haifiki huko. Ukiutumia mkanda, basi kamba iwe fupi kiasi kwamba mtu hafiki kabisa kwenye tundu. Ule wa kiunoni peke yake usahau; kwa kudaka anayeanguka, Marekani iliupiga marufuku tangu 1998.

"Akishaning'inia ameokoka." Uongo. Anayening'inia bila kusogea, damu hutuama miguuni, naye huweza kuzimia ndani ya dakika chache. Wa kumshusha awe hapo chini, na ngazi mkononi. Hospitali iliyo karibu iko Faza, na ya Lamu mjini ni safari ya boti.

"Kufunika ni kupoteza wakati." Uongo mtupu, tena ndiyo kinga rahisi kuliko zote. Kama kazi yaweza kufanywa kutoka chini, juu ya jukwaa, asipande mtu. Kama lazima apande, tundu lifunikwe kwa mbao zinazobeba mara mbili ya uzito wa watu na vifaa vitakavyokuwa juu yake, zifungwe zisipeperuke. Mkanda uje baada ya hapo.

Mwenye jengo akisema hana pesa ya mkanda, aulizwe kama ana mbao. Na akimwambia fundi aje na vifaa vyake, ajue Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtwika mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kujikinga.