Povu na Kiputo: Tatizo la Kisawe Kimoja

1. Utangulizi

Neno la Kiingereza bubble lina maana nyingi, nazo zinazidi kuongezeka. Mtunzi wa kamusi anayelitafutia kisawe hukutana kwanza na maneno mawili ya Kiswahili, yaani povu na kiputo, naye hushawishika kuyaandika yote mawili na kuyatenga kwa mkato tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo si visawe, na kwamba kuyachanganya kunaweza kuleta madhara. Mifano imechaguliwa kwa kuzingatia mazingira ya Kinondo, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, ambako Kidigo na Kiswahili husemwa pamoja na ambako uvuvi, minazi na utalii ni sehemu ya maisha.

2. Maana za msingi

Povu ni wingi. Ni mkusanyiko wa hewa na maji usiohesabika: povu la sabuni, povu la wimbi livunjikapo mwambani, povu la tembo la mnazi lililogemwa asubuhi. Ijapokuwa neno hili limo katika ngeli ya LI-YA, umbo la mapovu halimaanishi povu moja na jingine, bali huuzidisha wingi ule ule.

Kiputo, kwa upande wake, ni kimoja. Kina umbo la mviringo, huhesabika, na mwisho wake unajulikana, yaani kupasuka. Neno hili huhusiana na puto kwa njia ya ngeli: ki- huonyesha udogo, na kitu kikubwa cha namna hiyo ni puto, jina la hata chombo kirukacho angani kwa hewa ya moto.

Aidha, pale ambapo Kiingereza hukifanya kitenzi neno lile lile, Kiswahili huangalia asili ya mwendo. Maji ya moto hutokota, chemchemi hububujika, na rojo la mkate wa kumimina huumuka. Hakuna hata kimoja cha vitenzi hivi kilichonyambuliwa kutokana na povu wala kiputo.

3. Maana za tamathali

Povu huashiria hasira na maneno yasiyo na uzito. Asemaye kwa ghadhabu hutokwa na povu. Na katika mitandao ya kijamii ya leo, kutoa povu ni kulalamika kwa maneno makali. Kwa Waislamu wa pwani maana hii huungwa mkono na Kurani, Sura ya 13, aya ya 17, ambamo batili imefananishwa na povu lichukuliwalo na mafuriko: hilo hupita, na kiwafaacho watu hubaki.

Kiputo hakina lawama hiyo. Ndiyo maana kinafaa katika uchumi, kutaja bei inayovimba kupita thamani ya kitu hadi ipasuke, kama zilivyovimba na kuanguka hisa za South Sea Company huko London mwaka 1720. Lakini hakifai kutaja kundi la watu waliojitenga pamoja kwa kuepuka maradhi ya korona mwaka 2020. Msikilizaji wa Kiswahili hatarajii kiputo kimlinde mtu, hutarajia kipasuke.

4. Umuhimu wa tofauti hii

Tofauti hii haiwahusu wanaisimu peke yao. Mzamiaji atumiaye mtungi wa hewa, kama wale wa miamba ya Diani, hupokea naitrojeni zaidi mwilini kadiri anavyoshuka. Akipanda haraka, gesi hiyo hufanya viputo katika damu na viungo, navyo vyaweza kumlemaza au kumwua. Kanuni ya zamani ya wazamiaji yasema:

(1) Usipande upesi kuliko viputo vyako vidogo kabisa.

Tuseme mfasiri ameandika:

(2) Usipande upesi kuliko povu lako.

Sentensi ya (2) ni sahihi kisarufi, lakini kijana anayejifunza kazi hiyo ataidhania kuwa kejeli juu ya hasira zake. Hata akitambua kwamba yahusu maji, hataweza kuitii, kwa sababu povu hukaa juu ya maji, wala halina chembe moja ya kufuatwa kwa jicho.

5. Hitimisho

Tunapendekeza kwamba kamusi zitenge maana hizi kwa nambari, kila moja na mfano wake: kiputo kwa kitu kimoja kinachopanda au kupasuka, povu kwa wingi ulio juu, na kitenzi kilicho maalumu kwa kila mwendo. Maana ya watu waliojitenga ielezwe kwa neno kundi pamoja na kivumishi kinachofaa. Mfasiri atakayepewa mwongozo wa namna hiyo hatalazimika kubahatisha, na mzamiaji atausoma mwongozo wake kwa usalama.