Je, Damu Yaweza Kutaja Kabila?

Siku moja, katika somo la elimu ya viumbe, kijana mmoja wa Masisi aliinua mkono akasema: "Mwalimu, wataalamu wa siku hizi waweza kusoma asili ya mtu katika damu. Mbona basi wasitupime sote, ijulikane nani mwenyeji na nani mgeni, ugomvi ukome?" Darasa likanyamaza kimya. Walikuwamo watoto wa Wahunde, wa Wahutu na wa Watutsi, hata wa Wanyanga waliotoka Walikale. Nikamwambia nitamjibu kesho yake, maana swali la namna hiyo halijibiwi kengele ikilia. Jibu nalitoa hapa kwa faida ya wazazi pia, kwani swali lilo hilo nimelisikia hata katika vikao vya watu wazima.

Kwanza tuelewe ni nini kinachopimwa. Ndani ya kila chembe hai ya mwili, isipokuwa chache tu, mna nyuzi nyembamba mno ziitwazo vinasaba, nazo hubeba urithi wetu. Zilinganishe na kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, zikipangwa mara kama bilioni 3. Watu wawili wo wote duniani hupatana karibu herufi 999 katika kila 1,000. Lakini pana mahali ambapo kineno kifupi hurudiwa-rudiwa, na idadi ya marudio hayo hutofautiana. Wewe labda umepewa mara 9 na baba na mara 12 na mama. Jirani yako ana 11 na 11. Alama ya mahali pamoja haitoshi kumjua mtu. Lakini fanyeni hesabu, enyi wanafunzi: ikiwa mtu mmoja katika 10 ana alama kama zako mahali pa kwanza, na mmoja katika 10 mahali pa pili, na vivyo hivyo mahali pa tatu, mwenye zote tatu ni mmoja katika 1,000. Polisi wa Marekani tangu mwaka 2017 hutumia mahali 20.

Aliyeifungua njia hii ni Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Wengi hudhani kwamba alianza na wauaji. Sivyo. Mwaka 1985 ulimwengu ulimsikia kwa ajili ya kijana wa jamaa ya Kighana aliyezuiwa kuingia Uingereza, kwa kuwa maofisa walishuku kwamba si mwana wa mwanamke aliyejiita mama yake. Damu ikapimwa, ikaonekana kuwa ni mwanawe kweli. Angalieni sana jambo hilo: damu ilisema "huyu ni mtoto wa huyu". Haikusema "huyu ni Mwingereza". Neno hilo la pili lilisemwa na sheria.

Basi, na kabila je? Ni kweli kwamba wataalamu wana majedwali yaonyeshayo alama fulani huonekana mara ngapi katika watu wa nchi fulani. Majedwali hayo yahitajiwa, kwani pasipo hayo hesabu ile ya mmoja katika 10 haifanyiki. Lakini mwaka 1972 mtaalamu Richard Lewontin alionyesha kwamba katika tofauti zote za urithi wa wanadamu, kama 85 katika 100 zimo ndani ya watu wa jamii moja. Majirani waliooana vizazi kwa vizazi alama zao huchanganyika, na jedwali haliwezi kutoa hukumu juu ya mtu mmoja. Hutoa bahati-nasibu tu.

Tena twaeni mtoto ambaye baba yake ni Mhunde na mama yake ni Mhutu. Kwa desturi zetu ataitwa Mhunde. Lakini nusu ya kitabu chake imeandikwa na mama. Mpimaji amwite nani? Na kuhusu wenyeji na wageni, serikali ya Wabelgiji iliwahamishia Masisi watu wengi kutoka Rwanda kati ya miaka 1937 na 1955. Wengine wasemao Kinyarwanda walikuwa wamekwisha kukaa Kivu kabla ya hapo. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 hutazama jamii ambazo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Hilo ni jambo la historia, nalo hutafutwa katika maandiko na ushuhuda, si katika chupa ya damu.

Lakini iko kazi ambayo alama hizi zaweza kuifanya kwetu, nami nasikitika kwamba haizungumzwi sana. Tarehe 20 Machi 1993 soko la Ntoto, katika Walikale, lilishambuliwa. Mauaji yakaenea hadi Masisi, na kila upande ukapoteza watu wake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilitaja matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Wangapi wamelala katika mashimo yasiyo na jina!

Huko Bosnia watu wapatao 8,000 waliuawa Srebrenica mwaka 1995, na wauaji wakaihamisha mifupa kwa mashine kutoka kaburi hadi kaburi ili kuficha uovu wao. Hata hivyo, kwa kulinganisha mifupa na damu ya jamaa walio hai, karibu 7,000 wamekwisha kutambuliwa. Kwa jirani zetu wa Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia mwaka 2023. Machi 2024 jamaa wa kwanza wakakabidhiwa maiti zao baada ya kipimo hicho hicho.

Kazi hiyo yataka uvumilivu. Meno na mfupa wa paja hudumu kuliko viungo vingine, lakini unyevu wa udongo huharibu. Kipande kikiwa kidogo mno, kipimo chenyewe chaweza kukimaliza: ndiyo sababu jino la Patrice Lumumba, lililorudishwa na Ubelgiji mwaka 2022, halikupimwa. Kwa hiyo mtu asichimbe kaburi mwenyewe kwa jembe, hata kwa nia njema. Akifanya hivyo huchanganya mifupa na kupoteza ushahidi. Bali aandike jina la aliyepotea, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho, mavazi yake, na kama alikuwa na pengo au mfupa uliowahi kuvunjika.

Nilipomaliza kueleza hayo darasani, yule kijana alibaki nyuma wenzake wakitoka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyanya yake yu hai bado, na kwamba mwanawe mmoja alitoweka mwaka 1993. Je, damu ya mwanamke mzee yafaa?

Nikamjibu kwamba yafaa sana, kwa kuwa nusu ya alama za mwana hutoka kwake, mradi ichukuliwe na wataalamu angali hai.